Sundarpatan: kondoo wa buluu wa kule kwenye theluji wananishinda, naomba mwongozo

Fundi_Ipogolo (Iringa)

Wakuu, habari za usiku.

Natengeneza redio na televisheni hapa Ipogolo, na nikishafunga banda nacheza theHunter: Call of the Wild, gemu la uwindaji, kwenye kompyuta niliyoiunga kwa vipuri vya mtumba. Hirschfelden, ule msitu wao wa Ujerumani, nauzunguka hata bila kufungua ramani. Vurhonga, savana yao ya Afrika, nayo nimeizoea. Mwezi huu nimenunua Sundarpatan, hifadhi ya Nepali iliyotoka mwaka 2023, na tangu hapo sijarudi kwingine.

Kwa ambaye hajaifika: chini kuna nyasi na msitu wa joto, kuna nilgai, wale swala wakubwa wa Asia, na chui milia. Unapanda, miti inapungua, inabaki mawe na majani mafupi ya kijivu, halafu theluji. Nilipotokea mara ya kwanza kwenye ukingo wa juu nikaona bonde lote lile chini yangu, nilisimama tu. Jua lilikuwa linashuka na vilele vya mbali vimekuwa rangi ya waridi. Sikuwinda usiku ule. Nilitembea kwa kufuata ukingo mpaka umeme wa LUKU ukakatika.

Shida yangu ni kondoo wa buluu. Chui milia wa chini nimeshamwelewa, ila hawa kondoo wa mawe wananikwepa kila siku. Nawaona kwa darubini wako juu yangu, kundi zuri, dume mmoja pembe zimekunjuka pembeni hasa. Naanza kupanda. Nikifika pale walipokuwa nakuta nyayo tu na nasikia mlio wa kustuka upande wa pili wa mwamba. Nikikimbia niwahi kuwazunguka, darubini ya bunduki inayumba kiasi kwamba siwezi kulenga. Na kwenye theluji macho yananidanganya: naona ardhi imelala kumbe ni ukingo, naporomoka, nafia hapo na kurudishwa kambini.

Bunduki ninayotumia ni .270. Swali langu: mnapanda vipi hii milima? Mnaanzia wapi, saa ngapi, na mnajuaje umbali mahali ambapo hakuna hata mti wa kupimia kwa macho? Nataka kuijua hii sehemu ya juu kama ninavyoijua Hirschfelden. Pembe za kutundika ukutani zitakuja baadaye.

---

Mzee_wa_Horombo (Marangu)

Fundi, karibu sana mlimani. Swali lako nimelipenda kwa lile neno la mwisho, kwamba unataka kuijua sehemu. Wengi humu wanauliza tu almasi, yaani mnyama wa daraja la juu kabisa kwenye gemu, iko wapi.

Mimi nilipanda Kilimanjaro kwa kazi miaka mingi, kwanza mpagazi, baadaye msaidizi wa mwongozaji. Magoti yamechoka, sasa napanda kwa gemu ambalo mwanangu aliniwekea. Kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyajua pande zote mbili, na nitakuambia pale ambapo gemu na mlima wa kweli vinaachana, maana usipopatenga hapo utapotea.

La kwanza, acha kuwapandia kutoka chini. Kondoo wa buluu wa kweli, Wanepali wanamwita naur, hategemei msitu wa kujificha. Anategemea macho yake na mwamba. Rangi yake ni ya kijivu cha jiwe, akisimama kimya humwoni, na akishaona hatari anakwenda kwenye genge ambalo chui wa theluji mwenyewe anafikiria mara mbili. Analitazama bonde la chini yake, na wewe ukipanda kumfuata unakuja kwa njia ileile anayoilinda. Pita mbali. Zunguka bonde zima ikibidi, panda kwa mgongo mwingine wa mlima, utokee juu yao. Ni safari ndefu, najua. Lakini ukiwa juu una mambo mawili ambayo chini huna: unaona sehemu zao zote kwa mara moja, na ukitaka kujificha unarudi hatua tatu tu nyuma ya ukingo.

Na unaporudi nyuma ya ukingo, rudi kweli. Usisimame wima kwenye mstari wa mlima na anga iko nyuma yako. Lala chini, sukuma darubini mbele, angalia. Kwenye gemu ukilala kipimo cha kuonekana kinashuka na mkono unatulia. Wageni wangu waliotaka kupiga picha za wanyama pale Horombo, kambi ya Kilimanjaro kwenye mita 3,720, niliwafundisha hivyohivyo.

La pili, mapigo ya moyo. Umesema ukikimbia unashindwa kulenga. Waliotengeneza hili gemu, wale Waswidi wa Expansive Worlds, waliliweka makusudi na mimi nawashukuru. Mpandaji mlima anayekimbia si mpandaji. Sisi kazi yetu nzima ilikuwa kumwambia mgeni "pole pole", na haikuwa salamu, ilikuwa ndiyo dawa ya kwanza ya kimo. Hapo kwenye gemu kimo hakikuumizi kichwa, hakuna kutapika wala kukosa usingizi, lakini moyo wako unahesabiwa. Panga kufika mahali pa kupigia dakika kadhaa kabla ya wanyama. Kaa. Subiri mapigo yashuke. Ndipo uinue bunduki.

La tatu ni upepo, na hapa ndipo mlima wa kweli na wa gemu vinaachana. Mlima wa kweli jua likipasha miteremko, hewa inapanda. Jioni ikipoa, hewa inashuka bondeni. Mwindaji wa mlimani anaishi kwa kanuni hiyo. Kwenye Sundarpatan usiitumie. Upepo wa gemu unavuma upande mmoja kwa eneo lote, kisha unageuka wakati wake. Kwa hiyo angalia alama ya upepo kwenye skrini kila unapovuka kilima, usikisie kwa saa. Mimi mwenyewe mazoea ya Kilimanjaro yananivuta kuamini kwamba asubuhi harufu yangu inapanda, ndiyo maana nakusisitizia. Upepo ukigeuka ukiwa umeshakaa pazuri, ondoka. Usibishane nao.

Halafu saa. Kila kundi lina sehemu ya kula, ya kunywa na ya kulala, na ukiingia sehemu hiyo na kuitambua, ramani itakuonyesha na saa zake. Siku zako za mwanzo kule juu usifyatue risasi hata moja. Tembea na kusoma nyayo, zile mpya na zile za zamani, zifuate mpaka zikufikishe. Ukishakuwa na sehemu tatu za kundi moja kwenye ramani, huwakimbilii tena: unajua wanatoka wapi, wanakwenda wapi, na njia ya katikati ni ipi. Kitanda cha kambini kinakuruhusu kuchagua saa ya kuamka, kitumie ufike kabla yao. Na usiue wengi kwenye sehemu moja. Ukiona rangi ya zambarau imeanza kutanda kwenye ramani, pale pamewindwa kupita kiasi, na ukiendelea sehemu yao itafutika kabisa. Pumzisha hapo, nenda bonde jingine. Hilo la presha ya uwindaji ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamlazimisha mchezaji kujua mlima mzima badala ya kukaa kwenye kona moja yenye faida.

Kuhusu umbali, nunua kipima umbali, hilo halina mjadala kule juu. Na bunduki yako ikishapata alama za kutosha, fungua ule ujuzi wa kubadilisha umbali wa shabaha. Risasi inashuka kadiri inavyokwenda mbali, lakini upepo wa gemu hauisukumi pembeni, hivyo shughuli yako ni juu na chini tu. .270 inamtosha kondoo wa buluu na inamtosha tahri pia, yule mbuzi-mwitu wa Himalaya, usiingie gharama ya bunduki nyingine.

Jambo la mwisho, kabla hujavuta kifyatulio tazama ataangukia wapi. Mnyama akipigwa ukingoni anabiringika, na utatumia nusu saa kutafuta mzoga chini ya genge. Msubiri ahame hatua chache aingie kwenye sehemu tambarare.

---

MamaZawadi (Tromsø)

Shikamoo Mzee wa Horombo. Umemaliza karibu yote, mimi niongezee la theluji tu kwa sababu naishi nayo.

Fundi, ulivyoeleza kwamba ardhi inaonekana imelala kumbe ni ukingo, hayo si macho yako mabovu. Hata huku kwetu kaskazini mwa Norwei ipo. Mawingu yakifunika anga na chini yote nyeupe, mwanga unatoka kila upande, kivuli hakuna, na bila kivuli jicho halisomi umbo la ardhi. Nimewahi kutembea na mume wangu kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, akatumbukia shimoni hatua moja mbele yangu, na wote wawili tulikuwa tunaangalia palepale. Kwenye gemu inatokea vilevile anga likiwa zito.

Ninavyofanya mimi: sehemu ya theluji naivuka asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini. Kila jiwe linatupa kivuli, kila korongo linaonekana, na nyayo zinajaa giza kidogo ndani kiasi kwamba unaziona kwa mbali. Mchana wa mawingu nashuka kwenye mawe na majani makavu, nawinda tahri huko. Na nikilazimika kuvuka mwanga ukiwa mbaya, naelekea kwenye jiwe jeusi ninaloliona, nikifika natafuta jingine. Sitembei kwenye weupe mtupu usio na alama.

Maporomoko: usishuke mteremko mkali kwa kunyooka. Kata pembeni, nenda kushoto, rudi kulia. Ukiona mwili umeanza kuteleza, acha kubonyeza mbele.

Kuna jingine, naomba mnisamehe kama natoka nje ya swali. Chui wa theluji. Gemu linaruhusu kumwinda, na najua humu wapo wanaomtafuta kwa hamu. Mimi simpigi. Nilipomwona kwa mara ya kwanza alikuwa anashuka juu ya mawe na ule mkia wake mrefu, mnene, anautumia kujiweka sawa kwenye kila mruko, na nilimfuata kwa darubini tu mpaka akapotea. Nepali yenyewe sheria inamlinda. Kila mtu na gemu lake, ila Fundi kwa kuwa umesema unataka kuijua sehemu, mpe usiku mmoja bila bunduki. Utajifunza njia za juu kuliko alivyokufundisha kondoo yeyote.

---

Otis_wa_Eastleigh (Nairobi)

Mzee na Mama mmeongea vizuri lakini naona mnamchosha jamaa. Mimi hucheza kwa PlayStation, nikitoka job nina saa moja hivi. Kuzunguka mlima mzima haiwezekani.

Fundi kaka, fanya hivi. Fungua kambi zote za juu kwanza, hata kama hutaona mnyama. Panda kwenye vituo vya kutazamia, ramani itajaza. Kisha weka hema lako karibu na ukingo mzuri, likiwa hapo unarudi moja kwa moja bila kupanda upya kila siku. Pikipiki ya magurudumu manne tumia kwa barabara za chini pekee, ukiipeleka juu kelele yake inafukuza bonde lote.

Na mbwa! Ukipata mbwa wa kunusa damu, ule mzoga ulioanguka chini ya genge anakupeleka. Mzee umesahau mbwa.

Kwa chui wa theluji sikubaliani na Mama. Ni gemu, hakuna chui anayekufa. Lakini heshima yako iko palepale.

---

Mzee_wa_Horombo (Marangu)

Marahaba Mama Zawadi, na asante kwa hilo la kivuli. Nililijua kwa miguu, sikuwahi kulisikia likielezwa.

Otis, mbwa ni kweli, na hema ni wazo zuri kwa mwenye saa moja. Ila hema lisiwekwe katikati ya sehemu zao. Liweke nyuma ya ukingo, upande ambao hawapiti.

Kwa faida ya wengine: Sundarpatan imebuniwa, lakini uwindaji wa naur Nepali upo. Kuna hifadhi moja tu ya uwindaji nchi nzima, Dhorpatan, kilomita za mraba 1,325, iliyotengwa miaka ya 1980 chini ya safu ya Dhaulagiri. Wageni wanaingia kwa kibali cha serikali na idadi ya madume wa kuwindwa inapangwa. Chui wa theluji yupo palepale anakula haohao naur, na hagusiki. Ramani nzima ya gemu ni kama kilomita za mraba 65. Napenda kulikumbuka hilo nikiwa pale juu na kuona kama nimetembea sana.

Na tahri aliyetajwa na Mama, yule mwenye manyoya marefu shingoni kama kola ya koti, kumbe aliwahi kuishi Afrika. Wawili walitoroka kwenye bustani ya wanyama Cape Town mwaka 1936, wakapanda Table Mountain, wakazaana huko kwa miongo mingi. New Zealand nako walipelekwa mwaka 1904 na milima ya kule imewafaa kupita kiasi, mpaka leo serikali inahangaika kuwapunguza. Mnyama wa mlimani ukimpa mwamba na majani, kimo si tatizo kwake.

---

Fundi_Ipogolo (Iringa)

Nawashukuru wote, sikutegemea majibu marefu hivi.

Nimejaribu jana usiku na leo. Niliiacha .270 kambini kama Mama Zawadi alivyosema, nikabeba darubini na kipima umbali tu. Nilipita mgongo wa mashariki, mbali sana na kundi langu, nikatokea juu. Mzee, nimewaona! Kundi zima chini yangu, hawana habari. Nimekaa hapo mpaka nimejua wanakolala na wanakokula, sehemu mbili sasa ziko kwenye ramani. Dume mkubwa hatangulii kama nilivyodhani. Anakaa pembeni, juu kidogo ya wenzake, anaangalia bonde. Majike ndiyo wanaanza kushuka, yeye anafuata wakishatulia.

Njia ya mwanga nimeielewa. Asubuhi kweli kila kitu kinasomeka, hata ule ukingo ulioniua mara kwa mara nimeuona kwa mbali, una mstari wa buluu chini yake.

Kilichobaki: kutoka pale nilipokaa hadi wanapokula kipima umbali kinasema mita 270. Kuna mwamba mwingine chini yangu ambao ungenifikisha mita 140, lakini kuufikia lazima nivuke theluji tupu, hakuna jiwe wala kichaka, na wao wanatazama. Nipige kutoka juu au nishuke?

---

MamaZawadi (Tromsø)

Hongera sana! Hapo kwenye mwamba wa chini ungeshuka usiku, wakiwa wamelala sehemu nyingine, ukawasubiri wao waje. Usivuke wakiwa pale.

---

Mzee_wa_Horombo (Marangu)

Mama amesema sahihi. Umeshajua saa yao ya kula, basi lala kambini, amka muda wa saa mbili kabla ya wao kufika, shuka kwa kukata pembeni hadi kwenye huo mwamba ukiwa umetazama upepo. Ukikuta upepo unatoka kwako kwenda kwao, ghairi siku hiyo na urudi juu uendelee kuangalia.

Ukikaa salama, waache majike wapite kwanza. Dume akifika na kuinamisha kichwa, msubiri ageuke ubavu, lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Pafu likipigwa hafiki mbali, na alama za damu zitakuambia ni kiungo gani umegusa.

Mita 270 usipige kwanza. Si kwamba .270 haifiki. Ni kwamba hujawahi kumpiga yeyote kwa umbali huo kutoka juu, na dume wa namna hiyo hastahili kuwa wa kujifunzia. Jifunze kwa tahri wa mawe ya chini, halafu utaniambia.